Kabla ya kulipia jiko la kuni, pima sufuria yako

Mama mmoja wa upande wa Mutomo, Kitui, alitupigia simu akiuliza jinsi ya kusimamisha malipo ya jiko. Jiko lenyewe halikuwa limeharibika, na hata moshi lilikuwa limepunguza. Shida ilikuwa sufuria yake ya muthokoi, ambayo ilikuwa pana kuliko jiko. Akiibandika inajaa kote na kuninginia pembeni, na akishika mwiko kusonga ngima, jiko linacheza chini yake. Baada ya wiki mbili alirudi kwa mafiga. Jiko likabaki la chai ya asubuhi, na bado alikuwa na zaidi ya wiki thelathini za kulipa.

Hatukuweza kumsaidia sana. Pesa anayolipa haikai kwetu. Sisi tunaipitisha kutoka kwa simu yake hadi kwa muuzaji, na makubaliano ni kati yao wawili. Tulichoweza kufanya ni kumpa orodha ya malipo yake yote, akaenda nayo kuongea na muuzaji.

Simu kama hiyo tumeipata mara nyingi kutoka Kitui na Makueni. Ndiyo maana leo tunaacha kidogo mambo ya namba za siri na ada za kutoa pesa, tuongee kuhusu ukubwa wa jiko. Linaweza kuonekana jambo la jikoni tu, lakini sivyo. Jiko la kulipia mdogo mdogo linatarajiwa kujilipa lenyewe kwa kuni unazookoa. Kuni zinaokolewa jiko likitumika, na jiko hutumika likitosha sufuria. Likikosea ukubwa, utalipa kila wiki kwa kitu kilicho kwenye kona.

Tuseme pia mapema kwamba sisi hatuuzi majiko. Hatuna aina tunayokusukumia.

Anza na sufuria, si na jiko

Wateja wengi huanza na bei, kisha wanaangalia rangi na kuuliza kama jirani anayo. Sufuria inakumbukwa jioni, jiko likiwa limeshafika nyumbani na malipo ya kwanza yameshaenda.

Hebu fanya hivi ukiwa bado nyumbani. Chukua sufuria ambayo hupikia chakula kikuu karibu kila siku. Si ile ndogo ya chai, wala ile kubwa iliyotundikwa ukutani ikingoja harusi na matanga. Pima upana wa kitako chake kwa rula ya mtoto wa shule, kisha upana wa juu, kwenye ukingo. Halafu ijaze maji ukitumia chupa ya soda ya nusu lita, ukihesabu chupa. Andika hizo namba tatu kwenye karatasi, au uzitume kama ujumbe kwa simu yako mwenyewe ili zisipotee.

Ukitaka kukisia bila kujaza maji, sufuria yenye upana wa sentimita 22 na kimo cha 12 huchukua karibu lita nne na nusu. Ya sentimita 26 kwa 15 huchukua karibu lita nane. Ya 30 kwa 18 inakaribia lita kumi na tatu. Ona jinsi inavyoruka: kutoka 22 hadi 30 ni sentimita nane tu kwa macho, lakini chakula ni karibu mara tatu. Ndiyo sababu kukisia kwa macho dukani hudanganya.

Sasa hesabu walaji. Kwa isyo au muthokoi, lita moja ya sufuria kwa kila mtu mzima ni kipimo kizuri cha haraka, kwa sababu inaacha nafasi ya maji na ya kuchemka. Nyumba ya watu wanane, tuseme kule Kyuso, inataka sufuria ya lita nane, yaani ile ya sentimita 26. Mume, mke na mtoto mmoja katika nyumba ya kupanga Wote wanatoshwa na ile ya 22, na kinabaki cha kesho.

Hapa kuna swali ambalo wauzaji wengi hawaulizi: watoto wako wapi? Nyumba nyingi za Ukambani ni za watu watatu wakati wa shule na watu wanane Aprili, Agosti na Desemba, watoto wa bweni wakirudi. Tena kuna vibarua wa kupalilia, na nyanya ambaye siku nyingine anakula kwenu na nyingine kwa kaka yako. Ununue la wangapi?

Maoni yetu ni haya: nunua kwa ajili ya siku za kawaida, zile nyingi kwa mwaka, halafu uhakikishe jiko linaweza kushika sufuria ya ngazi moja juu bila kuyumba. Usinunue kwa ajili ya wageni. Mafiga si adui. Yaache nje chini ya mwembe, na siku ya matanga au ya kutoa mahari yatafanya kazi yake kama zamani.

Jiko kubwa kupita kiasi linakula nini

Watu wengi huona heri kubwa kuliko dogo, kama viatu vya mtoto anayekua. Kwa jiko sivyo, na sababu yake inafaa kueleweka vizuri, kwa maana hapo ndipo kuni nyingi hupotelea.

Kupika muthokoi ni kazi mbili. Ya kwanza ni kuyafikisha maji kwenye mchemko. Ya pili ni kuyaweka hapo mpaka mahindi na maharagwe yalainike, na hiyo inaweza kuchukua saa mbili, wakati mwingine tatu. Kazi ya kwanza inataka moto wa nguvu. Ya pili inataka moto mdogo sana.

Maji yakishachemka, moto mkubwa hauyaongezei joto. Mji wa Kitui uko kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hapo maji huchemka karibu nyuzi 96. Ukienda juu Mbooni yanachemka mapema kidogo, karibu nyuzi 94, ndiyo maana maharagwe ya milimani hujifanya magumu. Mahali popote, yakifika hapo yamefika. Ukiongeza kuni, unachoongeza ni mvuke. Kuigeuza lita moja ya maji kuwa mvuke hutumia nishati zaidi ya mara saba ya ile iliyotumika kuipasha kutoka baridi hadi mchemko. Kila mara unapoongeza maji kwenye sufuria ya muthokoi kwa sababu yamekauka, ujue kuna kuni zimepaa kwa dirisha.

Jiko kubwa mno kwa sufuria yako haliwezi kushuka hadi moto mdogo. Tumbo lake ni pana. Ukiweka kijiti kimoja kinazimika, ukiweka vitatu linanguruma. Tena ndimi za moto hutoka pembeni mwa sufuria ndogo na kupasha hewa ya jikoni. Utaona dalili zake kwenye masizi: sufuria nyeusi mpaka kwenye ukingo, na mfuniko wenyewe umeungua.

Kipimo cha haraka ni mdomo wa kuni. Kwa sufuria za nyumbani tulizozitaja, mdomo wa upana wa sentimita 10 hadi 13 unatosha. Ukiona jiko lenye mdomo wa sentimita 20, hilo ni la hoteli ya chai na chapati pale Emali au Mtito Andei, au la shule ndogo. Majiko ya taasisi huuzwa kwa lita za sufuria yake, na muuzaji wa kweli atakuuliza lita ngapi kabla ya kutaja bei. Wa majiko ya nyumbani naye angepaswa kuuliza hivyo hivyo.

Na likiwa dogo?

Jiko dogo lina makosa mengine. La kwanza ni usalama. Chai haisongwi, lakini ngima inasongwa, tena kwa nguvu, na anayesonga ngima ya watu wanane anaegemeza uzito wa mwili kwenye mwiko. Jiko jepesi la chuma lenye miguu mitatu linaweza kuteleza kwenye sakafu ya simenti au kuinama kwenye ya udongo. Sufuria zetu hazina mikono ya kushikilia, na watoto hukaa karibu na moto. Kama jiko halivumilii mwiko, si jiko la nyumba yako, hata kama linaokoa kuni kiasi gani.

La pili ni muda. Lita nane juu ya moto wa lita tatu zitachelewa kuchemka, na mpishi aliyetoka shamba saa kumi na mbili jioni hana subira hiyo. Atawasha mafiga kando, na sasa una mioto miwili badala ya mmoja. Tumeona nyumba ambazo kuni ziliongezeka baada ya kununua jiko la kuokoa kuni.

Hapa tuseme jambo ambalo matangazo husahau. Mafiga yanayopepewa na upepo huingiza sufuriani kiasi cha sehemu 10 hadi 15 tu kwa kila 100 za joto la kuni. Jiko zuri huingiza 25 hadi 35. Tofauti ni kubwa kweli. Lakini inategemea mkono pia. Mama aliyezoea, anayekinga mafiga yake na upepo, kusukuma kuni kidogo kidogo na kufunika sufuria, anaweza kumshinda kijana anayejaza jiko jipya mpaka mdomoni. Kwa hiyo ukisikia jiko “linapunguza kuni kwa nusu”, jibu kwa adabu kwamba utaona, kisha wewe piga hesabu kwa theluthi.

Kuni zako ni za aina gani

Majiko mengi ya kisasa ya kuni hufuata muundo uliotokana na kazi ya Larry Winiarski na wenzake wa Aprovecho huko Oregon, Marekani, miaka ya 1980: njia ya moto iliyopinda kama kiwiko, kuta zinazohifadhi joto, na kibati ndani ya mdomo ambacho kuni hulala juu yake hewa ikipita chini. Kinachoungua ni ncha tu za kuni. Ukiziba ile nafasi ya chini kwa majivu au kwa kuni nyingi, jiko linakuwa kopo la moshi.

Maana yake ni kwamba kuni lazima ziwe nyembamba na kavu, unene wa kidole gumba hadi wa kifundo cha mkono wa mtoto. Kwa hiyo jiulize nani atapasua. Kama kuni zenu huja kama magogo, na anayeshika shoka ni kijana anayelipwa, hiyo ni gharama ya kila mwezi inayoingia kwenye hesabu. Tumesikia wateja wakisema jiko ni zuri lakini “linataka kuni za kuchanwa”, na kwa kweli ndivyo lilivyo.

Makueni wengi wana bahati ya mashina ya mbaazi. Baada ya mavuno, kati ya Julai na Septemba, mashamba hubaki na fimbo kavu ambazo huingia kwenye mdomo mdogo bila kupasuliwa. Zinawaka haraka na moto wake ni safi, lakini haziachi makaa, kwa hiyo utaketi karibu na kusukuma kila dakika chache. Kwa chai na mboga ni nzuri kabisa. Kwa muthokoi wa saa tatu zitakuchosha, labda uchanganye na kipande cha mti mgumu. Ukitegemea matawi ya kupogoa miembe au migrevilea, yakate mafupi na uyaanike mwezi mzima au zaidi. Kuni mbichi hupika maji yaliyomo ndani yake kwanza, kabla ya kupika yako.

Tukiwa hapo, mbinu mbili ambazo hazina malipo ya kwanza wala ya wiki. Loweka maharagwe na muthokoi usiku kucha. Halafu, chakula kikishachemka kwa nguvu angalau dakika kumi na kuanza kulainika, kifunike vizuri na kukitia ndani ya kikapu kilichojazwa blanketi na nguo kuukuu, kikae saa mbili tatu kikijiivisha, kisha ukirudishe kichemke tena kabla ya kula. Mwenye sufuria kubwa na jiko dogo anaweza kuokolewa na kikapu tu, bila kununua jiko la pili.

La kubeba au la kujengewa

La kubeba linamfaa aliyepanga. Ukiwa kwenye nyumba ya kupanga Kitui mjini au Wote, usijenge jiko kwenye jikoni ya mtu. Siku ya kuhama utaliacha, na pengine deni lake utahama nalo. Kuna ya chuma yanayotengenezwa viwandani, kama Kuniokoa ya BURN kutoka Ruiru, na kuna ya mafundi wa jua kali sokoni. Ya kiwandani mara nyingi huja kwa ukubwa uliopangwa tayari. Baadhi huuzwa kwa bei ya chini kwa sababu ya pesa za miradi ya hewa ya ukaa. Hakuna ubaya, lakini bei ya chini haipanui jiko. Pima tu kama kawaida.

La kujengewa lina historia ndefu zaidi kwetu. Jiko la Maendeleo, lile la kikombe cha udongo uliochomwa kinachozungushiwa tope, lilienezwa miaka ya 1980 kupitia kina mama wa Maendeleo ya Wanawake wakishirikiana na Wajerumani wa GTZ. Faida yake kubwa kwa somo letu ni uzito: haliyumbi, songa ngima utakavyo. Na fundi akijua kazi yake, atatengeneza mahali pa sufuria akiwa ameishika sufuria yako mwenyewe. Hasara ni kwamba linabaki hivyo. Sufuria ikichakaa ukanunua nyingine pana kwa sentimita nne, jiko limepitwa. Kwa hiyo mpe fundi sufuria ambayo utaendelea kuinunua.

Ukijengewa la matundu mawili, jua kwamba tundu la nyuma hupata joto lililobaki. Linatosha maji ya kuoga au kuweka mboga iwe moto, halitachemsha isyo. Na likiwa tupu, lifunike kwa kigae au bati, la sivyo joto na moshi vinatokea hapo. Kama siku nyingi hutakuwa na cha kuweka nyuma, lipia tundu moja.

Jiko la kuni, liwe zuri namna gani, bado linatoa moshi na hewa chafu isiyoonekana. Usilifungie chumbani usiku kwa ajili ya joto la Julai.

Hesabu ya malipo

Sasa tufike kwenye kazi yetu. Namba zifuatazo ni za mfano, weka zako.

Tuseme jiko ni shilingi 4,000 taslimu. Kwa mdogo mdogo ni 500 za kwanza, kisha 100 kila wiki kwa wiki 45. Jumla ni 5,000. Umelipa 1,000 zaidi kwa kupewa muda. Je, inafaa?

Nyumba yako hununua mzigo wa kuni wa shilingi 150, na unakwisha kwa siku nne. Hiyo ni karibu 260 kwa wiki. Jiko likitosha, likatumika kwa kila kitu na kupunguza theluthi moja, unaokoa karibu 87 kwa wiki. Malipo ni 100. Unaongeza shilingi 13 kutoka mfukoni, na baada ya wiki 45 zile 87 zote ni zako, karibu 4,500 kwa mwaka.

Chukua jiko lile lile, bei ile ile, lakini ni dogo kwa sufuria ya jioni. Linapika chai na uji tu, ambazo tuseme ni robo ya kuni zenu. Theluthi ya robo hiyo ni karibu shilingi 22 kwa wiki. Sasa unaongeza 78 kila wiki. Kwa wiki 45 hiyo ni zaidi ya 3,500, imetoka kwenye pesa ya sabuni na daftari.

Kisha linganisha na kungoja. Ukianza na zile 500 na kuweka 100 kila wiki, utafikisha 4,000 baada ya wiki 35 na kununua taslimu. Kama jiko linatosha, kungoja kumekupotezea kuni za 3,000 na kidogo, kwa hiyo kulipia 1,000 za ziada ulikuwa uamuzi mzuri. Kama halitoshi, kungoja kumekupotezea kuni za 770 tu, na zile 1,000 ni hasara. Unaona jinsi ilivyo: mkopo ule ule ni mzuri au mbaya kwa sababu ya sentimita chache za sufuria.

Na kama hununui kuni? Nyumba nyingi za Kitui, hasa mbali na miji, huokota. Hapo jiko linaokoa saa na mgongo wa anayebeba, na hilo ni jambo kubwa, wala hatulidharau. Lakini malipo ya wiki hayapokei saa. Hakuna shilingi mpya itakayoingia kwenye simu yako kwa sababu ya jiko. Kwa mteja kama huyo sisi wenyewe, ambao biashara yetu ni malipo, tunamwambia aweke akiba anunue taslimu, au aweke kwenye chama, kuliko kuchukua deni akitumaini kuni zitalipa.

Ukichukua ya kulipa kidogo kidogo, uliza kama malipo yanaweza kufuata msimu wako. Anayeuza ndengu ana pesa Februari na Machi. Mwenye miembe Makueni anazo Desemba hadi Machi. Muuzaji akikataa kabisa ratiba isiyo ya kila wiki, jiulize Oktoba utalipa na nini. Jibu lisiwe mkopo wa simu wa kujazia salio. Ule unatozwa ada, na ukilipa jiko kwa mkopo kila wiki, umenunua majiko mawili na unalo moja.

Kuhusu vyama: tunapenda vikundi vinavyonunua pamoja, bei hushuka. Kosa tunaloona ni kuagiza majiko ishirini ya ukubwa mmoja ili wanachama wawe sawa. Mwenye watu watatu na mwenye watu kumi wanapata jiko moja, na kufikia mwezi wa tatu wawili kati yao hawachangii tena. Katibu apitishe karatasi ya sufuria kwanza. Muuzaji wa vikundi atakubali kuchanganya, mkimwambia kabla ya gari kupakiwa.

Siku ya kununua

Nenda na sufuria. Ndiyo, ibebe kwenye matatu, hakuna atakayekucheka kuliko utakavyojicheka ukiirudia. Ibandike juu ya jiko, tupu kwanza, uone kama ukingo unakwama au kitako kinazidi nguzo zake. Kisha iwe na maji nusu. Shika mwiko, usonge hewa kana kwamba ni ngima ya Jumapili. Likicheza, shukuru uondoke. Kama siku hiyo wanaonyesha jiko likiwaka, omba sufuria yako ndiyo itumike, si ile ndogo ya maonyesho inayochemka haraka kila mtu akipiga makofi.

Uliza kwa sauti: nikikuta halitoshi nyumbani, naweza kulibadilisha ndani ya siku ngapi? Jibu liandikwe kwenye risiti. Neno la mdomo, hata la anayekuita “mwaitu” kwa heshima zote, halina tarehe.

Lipa kwa namba ya till au ya bili ya duka, si kwa namba ya simu ya wakala aliyekuja na pikipiki. Jina linalotokea kwenye skrini lisome kabla ya kuweka namba ya siri. Kama ni jina la mtu na uliambiwa ni kampuni, simama hapo. Pesa iliyotumwa kwa mtu binafsi kwenye rekodi zetu inaonekana kama umemtumia ndugu, na siku ya mzozo hatutakuwa na cha kuonyesha kwamba ilikuwa ya jiko. Kwa malipo ya wiki, namba ya akaunti iwe ile iliyo kwenye mkataba wako. Ikikosewa tarakimu moja, unamlipia mwenzako wa Mwingi. Ujumbe wa malipo usiufute mpaka umalize na kupewa barua ya kuonyesha huna deni.

Ukifika nyumbani, pika chakula kile kile kwa mafiga siku tatu na kwa jiko siku tatu, ukipima kuni kwa mizani ya ndoano, ile ya kupimia nyama au mbuzi. Ukiona tofauti ni ndogo sana, angalia kwanza ukubwa wa moto na ukavu wa kuni, kisha umpigie muuzaji kabla siku za kubadilisha hazijaisha. Sisi tupigie ukitaka orodha ya malipo. Tunakutumia kwa ujumbe siku hiyo hiyo, bila ada.